Jina Nililoipa Mashine

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba kitu kimoja tu. Simu zote ziingie mfukoni. Hata wewe mzee wa kanisa hapo mbele, samahani, najua unasoma Biblia ndani ya simu, lakini leo soma ile ya karatasi. Nawajua, na nyinyi mnanijua. Nimesimama tu hapa, sijasema neno, na huko nyuma akina mama wameshaanza kushika mdomo. Sio mbaya. Chekeni kidogo, mkimaliza niendelee.

Kwa wageni: mimi ndiye yule mtu wa video. Yule wa suti ya kijivu na majani kichwani. Pasta amenipa dakika kumi, na kwa vile mimi ni muuzaji, mjue nitachukua ishirini.

Hapa kwetu mtu akitoa ushuhuda hataji watu majina. Hiyo kanuni mimi nitaishika kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama hapa. Nililitaja jina la mtu mara moja, na nchi nzima ikalisikia.

Nianze mwanzo. Huu ni mwaka wa saba nikiuzia duka moja la vifaa vya shamba hapa Kitale. Nauza ile mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe. Unaingiza nepia na mabua upande huu, yanatoka upande ule vipande vidogo, ng'ombe anakula bila kuchagua. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nayo, Kimilili, Kamukuywa, siku za wakulima pale Mabanga, kipaza sauti begani, kupiga domo kutoka asubuhi. Niliipenda hiyo kazi. Lakini ukaja mwaka ambao mahindi yalifanya vibaya, na wakulima wakawa wananisikiliza, wananishukuru vizuri sana, halafu wanaenda zao. Mwezi mzima sikuuza hata moja. Mwezi uliofuata niliuza moja, na ikarudishwa.

Sasa, mama mkwe wangu. Anakaa Kamukuywa na anauza wimbi sokoni. Wakati huo aliona vile mambo yetu yanaenda, akamwambia mke wangu, wala sio kwa ubaya, "Mwambie bwana yako arudi shambani. Mdomo pekee hauwezi kulisha watu." Mke wangu akaniletea hayo maneno pamoja na chai. Nilikunywa chai. Lakini yaliniingia, kwa sababu ndicho kitu mimi mwenyewe nilikuwa nakifikiria, na sikutaka kusikia mtu mwingine akikisema.

Mliotoka upande wa Bungoma mnajua ukwe kwetu ni nini. Mama mkwe humsalimii kwa mkono. Hukai naye meza moja. Mkiona mnaelekea kukutana njiani, mmoja anahamia upande ule wa barabara. Sio chuki, ni heshima. Na jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, wewe kama mkwe hulitamki. Miaka tisa ya ndoa yangu sikuwa nimelitamka. Nyumbani kwangu halikutajwa kabisa. Kwa mke wangu yeye ni Mama, kwa binti yetu mdogo ni Kukhu, yaani nyanya, basi. Shikeni hapo, nitarudi.

Tajiri wangu akasema siku hizi watu wananunua wakiwa wameketi na simu, kwa hivyo tutengeneze tangazo. Tukamwita dada mmoja wa kamera, ako na studio ndogo hapa mjini, anachukua harusi na mazishi. Tukaenda shambani kwa mkulima mmoja. Suti nilikuwa nimeazima. Jua lilikuwa la saa saba. Na mashine ilikuwa ile iliyorudishwa, kwa sababu tajiri hakutaka kuchafua mpya.

Maneno yangu yalikuwa machache. "Habari yako mkulima mwenzangu. Je, ng'ombe wako anakula na hashibi?" Mtoto wa chekechea angeyasema. Mara ya kwanza jogoo akawika. Mara ya pili nikasahau. Mara ya tano nzi akaingia mdomoni nikammeza, ati niendelee tu. Mara ya kumi na moja nikasema, "Je, mkulima wako anakula na ng'ombe hashibi?" Dada wa kamera alikuwa mpole. Kila mara anasema tu, "Tena, baba." Nikafika mahali nikisikia hiyo "tena" natamani kulia.

Mara ya kumi na nne nikayasema yote sawa, sikukosea hata neno, nikaingiza mabua, na mashine ikayameza, ikanguruma, ikakwama. Nikazima, nikawasha. Ikanguruma tu. Hapo kitu ndani yangu kikakatika. Nikainama mpaka kwa mdomo wa mashine, nikaiita jina. Jina lile. Nikasema, "Wewe, si ulisema mdomo wangu hauwezi kulisha watu? Na wako je? Kazi yako ni kula tu. Unapewa nepia unakula, unapewa mabua unakula, na hakuna kitu unatoa. Toa!" Nikaipiga teke.

Na mashine ikatoa. Majani yote ya tangu asubuhi yakanijia usoni kwa mara moja. Nikabaki nimesimama, majani kwa nywele, majani ndani ya kola, majani mdomoni. Nikayatema polepole. Nikanyoosha tai. Nikaangalia kamera, nikasema kwa upole, "Habari yako mkulima mwenzangu."

Ndiyo, chekeni. Hata mimi ningecheka. Dada wa kamera alicheka mpaka akakaa chini. Hakujua lile jina ni la nani, alidhani nimelitoa hewani.

Tangazo lenyewe lilitoka zuri, na waliolitazama ni tajiri, mke wake, na mimi. Dada alinipa kazi yote ndani ya flashi, pamoja na mabaki, vile vipande vyote vilivyoharibika. Wiki mbili zikapita. Siku moja mchana nimekaa kwa kibanda cha chai, sijauza kitu, na kwenye grupu letu la wauzaji wenzangu wanatumiana vichekesho. Nikafikiria kile kipande changu.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Sio shambani. Shambani nilikuwa na hasira, na hasira mtu anaweza kuieleza. Kwa kile kibanda nilikuwa nimetulia kabisa. Niliitazama video mara mbili. Nilisikia lile jina, wazi. Nilijua nikimpigia yule dada simu atalikata, ni kazi ya dakika chache. Nikasema, ah, hawa ni wauzaji wachache wa Kitale, nani hapa anamjua mama wa wimbi wa Kamukuywa. Nikatuma. Halafu nikaagiza chai ya pili.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Kufika Jumapili nilikuwa nimefika mahali ambapo sijawahi kupanda basi kwenda. Watu wa Pwani walikuwa wananicheka. Watoto wetu walioko Uarabuni kwa kazi walikuwa wananicheka. Na lile jina likaacha kuwa la mtu. Gari likikataa kuwaka, linaitwa hilo jina. Mfereji ukikauka, hilo jina. Mheshimiwa akila pesa ya barabara, hilo jina. Kitu chochote kinachokula na hakitoi. Nawauliza kwa upole, ni wangapi kati yenu wamelitumia? Msiinue mikono.

Mke wangu ni mwalimu. Aliiona video kwa simu ya mwalimu mwenzake, walimu wote wanacheka, wakamuuliza mbona yeye hacheki. Akaja nyumbani, akaweka mkoba chini, akaniuliza, "Ni nani alitoa hii?" Nikasema, "Ni yule msichana wa kamera." Mimi ambaye maneno mawili ya tangazo yalinishinda mara kumi na tatu, huo uongo niliusema mara moja tu na ukatoka safi. Nikamwambia tajiri hivyo hivyo. Nikawaambia mashemeji hivyo hivyo. Redio moja iliponiita nikasema hivyo hivyo, nikacheka na mtangazaji. Yule dada akaacha kuitwa harusini. Nani anataka mtu wa kuvujisha sherehe yake? Nilipita mbele ya studio yake nikaona mlango una kufuli, nikaharakisha mguu.

Na mimi nikanawiri, bana. Nikawa emsii. Kila harusi, kila harambee, kila duka likifunguliwa, "mleteni mtu wa mashine." Nakuja na suti ya kijivu, yangu sasa, sio ya kuazima. Nainama, naweka mkono sikioni, na umati wenyewe unalipiga lile jina kelele. Mnaona hiyo ujanja? Sikulitamka tena hata siku moja. Niliwaachia watu walitamke, ndio nikienda kulala nijiambie mimi sikusema kitu.

Huko Kamukuywa watu walikuwa wanamjua mwenye jina. Wanapita penye wimbi yake wanamwambia, "Mama, leo umekula nini? Toa basi!" Kwa utani tu. Nawaambieni, soko lote lile linajua yule mama akikupimia gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, akishaijaza mpaka juu, anaongeza kiganja kimoja. Hata kama hujaomba. Huyo ndiye niliyesema hatoi. Mwanzoni alicheka nao. Halafu akaanza kuchelewa kufika. Halafu akaacha soko. Halafu akaacha na kanisa. Mke wangu akaniambia, "Mama hajatoka nyumbani wiki ya tatu sasa." Nikamwambia, "Itapita." Tangu hiyo siku mke wangu hakuniita tena Baba fulani, kwa jina la mtoto wetu, vile alikuwa akiniita. Aliacha kuniita kitu chochote. Alikuwa akisema tu, "Chakula kiko mezani," na anaangalia dirisha.

Likizo ya Agosti binti yetu akaenda kukaa kwa Kukhu. Ako na miaka sita. Aliporudi alikuwa na hadithi nyingi, kuku, ndama, kisima. Tunakula, akasema, "Baba, redio ya Kukhu imeharibika. Inakula betri na haitoi sauti. Nikamwambia, Kukhu, hii redio yako ni..." Akalisema lile jina, anacheka.

Mke wangu akaweka kijiko chini.

Mtoto hakujua, ndugu zangu. Angelijulia wapi? Kwetu lile jina halikutajwa, kwa heshima. Mahali pekee alipolisikia maishani mwake ni kwenye video ya baba yake.

Nikamuuliza, "Na Kukhu akasema nini?"

"Akaniuliza hilo jina ni la nani. Nikamwambia ni la mashine ya baba."

"Halafu?"

"Akasema sawa. Akaniongezea uji."

Nilitoka nje. Nilienda nikashika ukuta wa choo nikalia, mwanaume mzima, nimesahau kunawa mikono, ugali bado kwa vidole. Niliporudi mke wangu alikuwa bado ameketi pale pale. Nikamwambia, "Ni mimi nilituma." Akasema, "Najua." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu siku ile ulinijibu haraka. Nilikuwa nangoja uchoke."

Kesho yake nikaenda kwa dada wa kamera. Nilimpata kwao, anauza mboga za mamake. Nikamwambia yote, nikamwomba anichukue video nikikiri, tuisambaze, jina lake lisafike. Akasema, "Baba, mimi sikuchukui tena. Nenda ukaseme kwa mdomo, si ndio kazi yako." Nikajichukua mwenyewe kwa simu. Nikasema ukweli wote, nikalia hata. Mnajua watu waliandika nini chini yake? "Leta ile ya mashine." Wengine walidhani hicho kilio ndicho kichekesho kipya.

Nikaomba mashemeji wanipokee. Wazee walitaka mbuzi na blanketi, nikatoa. Hiyo ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuomba msamaha, kwa sababu mtu nisiyeruhusiwa kumtazama nitamwomba vipi? Wakaniketisha nje ya jikoni kwa kiti kidogo, mgongo kwa mlango. Yeye alikuwa ndani, anapepeta wimbi. Senge wa mke wangu, dada ya baba yake, akasimama mlangoni katikati yetu. Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, lakini maneno yalipitia kwa senge.

"Anauliza, umekuja na kamera?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nilikuwa nimeyapanga. Nikaanza vizuri, sauti imekaa, nikasema mama yetu mpendwa, siku ya leo nimesimama mbele yako nikiwa na moyo mzito. Ungo ukanyamaza. Nikasikia sauti ndani, ya chini, "Mwambie asiniuzie."

Senge akaniambia, "Anasema usimuuzie."

Yale yote niliyoyapanga yaliisha. Nikasema tu, "Nilijua jina liko ndani, na nikatuma. Halafu nikasingizia mtu." Ungo ukaanza tena.

"Mwambie jina hilo nilipewa la nyanya yangu. Niliachiwa nilitunze. Sasa nikifa, ni mtoto gani atapewa?"

Senge alianza kurudia, akashindwa. Hakurudia. Nilikuwa nimesikia.

Nilidhani ndiyo mwisho, nikashika magoti nisimame. Ile sauti ikasema tena, "Mwambie, si nilisema mdomo wake hauwezi kulisha watu? Siku ya soko aje na kile kipaza sauti, auze wimbi yangu. Lakini asinitazame."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipanga magunia katikati. Yeye upande ule na gorogoro yake, mimi upande huu, migongo imeangaliana, na senge kando akipokea wateja. Siku ya kwanza watu walijaa. Walidhani ni sherehe. Nikifungua mdomo tu, wanapiga lile jina kelele, wanangoja niiname. Nilisikia gorogoro nyuma yangu ikigonga gunia, bado anapima. Kulikuwa na kijana ameinua simu. Yule dada wa kamera, sikujua hata amekuja, akatoka katikati ya watu akaifunika hiyo simu kwa kiganja chake, akasimama hapo hivyo.

Nikasema kwa kipaza sauti, "Hilo jina ni la mtu. Nililichukua bila ruhusa, na nikasingizia dada wa watu, huyu hapa. Mashine ikikwama, iiteni jina langu." Nikasema jina langu lote, na la baba yangu, na la babu. Wakacheka zaidi. Nikasema, "Na sasa, wimbi." Nikauza wimbi.

Nimeenda kila siku ya soko tangu hapo. Kila siku naanza na yale maneno. Ile kazi ya emsii niliacha, na ile suti ya kijivu nilimpa mtu. Watu walipoona hakuna kichekesho kingine, walipunguza kelele, wakabaki wale wa kununua. Yeye bado anaongeza kiganja. Mwezi uliopita senge aliniletea ujumbe kutoka upande wa pili wa magunia. "Anasema leo umepiga domo vizuri." Ndiyo maneno pekee. Uso wake sijauona, na sitauona, na hivyo ndivyo inavyofaa. Jumapili iliyopita alirudi kanisani kwao.

Yule dada hajanisamehe vizuri, na ako na haki. Alinijibu salamu wiki jana. Namshukuru kwa kile kiganja. Namshukuru senge aliyebeba maneno mazito kwa umri wake. Namshukuru mke wangu kwa kungoja. Na nyinyi nikiwaachia kitu, ni hiki tu: ukishika simu ili utume kitu cha kuchekesha, kisikilize kwanza mpaka mwisho, na ukisikia mtu ndani yake, ngoja. Mimi nilisikia. Sikungoja.

Nimalizie na hii. Wiki iliyopita nilipita kwa mashine ya kusaga unga, hapa nyuma ya soko. Ikakwama. Mwenye mashine hakuniona. Akaipiga teke, akasema, "Wewe unakula tu na hutoi," na akaiita jina. Langu. Langu, na la baba yangu, na la babu, yote matatu, kwa mpangilio.

Nilitembea haraka mpaka nyumbani. Nikamwambia mke wangu. Akasema, "Hebu rudia, amesema vipi?" Nikarudia. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akapangusa macho, akachukua sahani, na akaniita Baba, na jina la mtoto wetu, akasema njoo ule kabla haijapoa. Nilikaa, nikala.